Ukishatembea, unakwenda kufanya nini?

Presha ya mgonjwa wa kiharusi ikitulia na maneno yakianza kumtoka, anaruhusiwa. Ndugu wanamshukuru Mungu, bajaji inaitwa. Kasheshe inaanza kesho yake asubuhi: mkono wa kulia hauna nguvu, gauni halivaliki, choo ni cha kuchuchumaa, na mama aliyekuwa akipikia nyumba nzima sasa analishwa uji na mjukuu.

Hapo ndipo anapohitajika mtaalamu wa tiba kwa vitendo, na wengi wetu hata hatumjui. Tunamjua wa fiziotherapia, anayenyoosha viungo na kumrudisha mtu kwenye miguu yake. Huyu mwingine anauliza: ukishatembea, unakwenda kufanya nini? Akijibiwa "kupika", basi darasa ni jikoni.

Mbinu zake hazina makuu. Wakati wa kuvaa, mkono uliolegea unaingia wa kwanza. Wakati wa kuvua, unatoka wa mwisho. Kitambaa kibichi chini ya bakuli, na bakuli halitelezi tena. Mpini wa kijiko ukizungushiwa kipande cha ndala kuukuu, vidole dhaifu vinashika. Ubao wenye misumari miwili iliyochomoza unashikilia kitunguu, mtu akakimenya kwa mkono mmoja; seremala yeyote wa mtaani anautengeneza. Kiti kilichotobolewa katikati kikiwekwa juu ya tundu la choo, mtu mzima anajisitiri mwenyewe.

Kikwazo ni sisi ndugu. Mgonjwa akihangaika dakika kumi na kifungo kimoja, tunamfungia, tukidhani ndiyo mapenzi. Mtaalamu akisema mwacheni, tunamwona hana huruma.

Wataalamu hawa wanasomeshwa hapa hapa nchini, kwenye hospitali ya KCMC, Moshi. Lakini ukitoka kwenye hospitali kubwa, kumpata mmoja ni bahati yako. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tunayo tangu 2023; sisi tunataka mtaalamu huyu kumfuata mgonjwa nyumbani kuhesabiwe kuwa matibabu, sawasawa na vidonge vya presha. Na hospitali ya wilaya ambayo bado haina mtaalamu, kabla ya kumruhusu mgonjwa asiyeweza kuvaa shati, imkalishe ndugu yake nusu saa, imwonyeshe mkono upi unatangulia.