Ni Nani Alipaye Gharama za Barabara?

Askari apandaye gari la doria alfajiri na dereva apelekaye shehena mpakani Katuna hupita juu ya lami ile ile, lakini ni wachache wajiulizao lami hiyo hulipiwa na nani. Swali hili limetujia tena kwa kuwa tangu Julai 2025 ushuru wa bidhaa katika kila lita ya petroli hapa Uganda umekuwa shilingi 1,550, na katika dizeli shilingi 1,230. Wengi wameunung'unikia ushuru huo. Sisi twaona yafaa kwanza kuueleza, ndipo tuupime.

Serikali itakayo kumtoza mtumiaji wa barabara ina njia kuu tatu. Ya kwanza ni leseni ya kila mwaka, ambayo humtoza mwenye gari kwa kuwa nalo tu. Ya pili ni ushuru wa mafuta, ambao humtoza kwa kadiri aendavyo. Ya tatu ni malipo ya kupita, ambayo hutozwa mahali maalumu. Nchi yetu iliifuta leseni ya kila mwaka mwaka 2007 na kuutegemea ushuru wa mafuta. Mwaka 2018 lilitolewa pendekezo la kuirudisha, lakini Bunge likalikataa, na badala yake zikaongezwa shilingi 100 katika kila lita. Ndugu zetu wa Tanzania nao waliifuta ada ya namna hiyo mwaka 2017, wakaongeza shilingi 40 za kwao katika lita.

Hekima ya njia hiyo ni dhahiri. Gari lililolazwa uani haliharibu barabara, wala halilipi. Liendalo kutwa kucha hulipa kila lijazapo tangi. Tena, ushuru wa mafuta hukusanywa kwa waagizaji wachache kabla mafuta hayajafika vituoni, wala haihitaji askari kusimama juani akisimamisha kila motokaa ili aulize stakabadhi.

Malipo ya kupita yalianza katika barabara kuu ya Kampala hadi Entebbe Januari 2022, na gari dogo lilipangiwa shilingi 5,000. Magari ya jeshi na ya polisi yalisamehewa. Msamaha huo ni heshima, lakini pia ni deni: asiyelipa kwa fedha hana budi kulipa kwa ulinzi.

Hata hivyo, kutoza ni jambo moja, na fedha kufika barabarani ni jambo jingine. Sheria ya Mfuko wa Barabara ya mwaka 2008 ilikusudia kwamba tozo za mafuta, za magari ya kigeni yapitayo nchini, na faini za uzito ziwe chakula cha matengenezo. Lakini fedha ziliendelea kupitia katika Hazina Kuu, zikagawanywa pamoja na mahitaji mengine yote ya taifa, na Mfuko ukapata kile kilichotengwa katika bajeti. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria za kuurudisha Mfuko huo, pamoja na mamlaka ya barabara za taifa, ndani ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Jina la ofisi limebadilika. Haja ya matengenezo haikubadilika.

Wala mfuko wenye tozo yake maalumu hauko salama kabisa. Kenya ilipandisha tozo ya matengenezo ya barabara kutoka shilingi 18 hadi 25 za kwao kwa lita Julai 2024. Mwaka uliofuata, shilingi 7 kati ya hizo 25 ziliwekwa dhamana ili wapatikane wakopeshaji wa kulipa malimbikizo ya wakandarasi. Hivyo dereva wa leo anunuapo mafuta, sehemu ya fedha yake hailitazami shimo lililo mbele yake, bali deni lililo nyuma yake.

Sasa tulifikie jambo linalowahusu askari wenyewe. Ushuru wa mafuta una kasoro moja ambayo waziri wa fedha hawezi kuirekebisha akiwa ofisini. Kati ya mwaka 1958 na 1960, wahandisi wa Marekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, na askari wa jeshi la nchi hiyo wakaendesha malori juu yake mchana na usiku. Matokeo yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu huongezeka takribani mara kumi na sita. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ekseli moja yenye matairi manne imewekewa kikomo cha tani 10. Ikibebeshwa tani 12, hudhuru barabara kiasi cha mara mbili. Lakini lori hilo halinywi dizeli mara mbili, wala halilipi ushuru mara mbili. Tofauti hiyo hulipwa na mwalimu apandaye basi, mkulima asafirishaye matoke, na mama mjamzito akimbizwaye hospitali juu ya lami iliyopasuka.

Hapo ndipo mizani ya Lukaya au ya Magamaga inapokuwa sehemu ya hazina ya taifa. Noti ipitishwayo chini ya karatasi ili lori lipite bila kupimwa ni ndogo mno ikilinganishwa na kilometa za lami ziharibikazo nyuma yake. Vivyo hivyo, pipa la mafuta ya magendo livushwalo usiku mpakani ni barabara iliyoibwa kabla haijajengwa.

Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wananchi wana haki ya kuiuliza Serikali shilingi 1,550 zao zinafika wapi, na Serikali inao wajibu wa kujibu. Lakini askari asimamaye kwenye mizani naye huulizwa swali lile lile kila lori lifikapo, na jibu lake huonekana wazi barabarani mvua zinyeshapo.