Kiapo cha Mume si Kifungo cha Mke

Katika muhula uliopita, chama cha midahalo cha shule yetu kilijadili swali hili: Je, mke wa askari anayekaa ugenini na mumewe aendelee kutafuta shahada na kazi ya uuguzi, au aiweke haja hiyo kando mpaka utumishi wa mumewe utakapokwisha? Swali lilitokana na barua niliyowasomea wanafunzi. Iliandikwa na msichana niliyemfundisha zamani, ambaye aliolewa na kijana wa kwetu aliyehamia Marekani na kuingia katika jeshi la nchi ile. Jambo hilo si la ajabu, kwa kuwa sheria ya Marekani humruhusu mgeni mwenye kibali cha ukazi wa kudumu kuwa askari, na Wakenya wamo miongoni mwa waliofanya hivyo.

Msichana huyo alikuwa akisomea uuguzi katika chuo kimoja huko Marekani. Alipokuwa amebakiza mihula miwili, mumewe alipewa amri ya kuhamia Ujerumani. Akafunga mizigo, akambeba mtoto, akamfuata. Masomo yakakatika. Aliniandikia hivi: "Mwalimu, naishi hatua chache kutoka hospitali, wala siruhusiwi hata kumpima mgonjwa homa."

Katika mdahalo ule kijana mmoja wa kidato cha tatu, hodari wa maneno, alisimama akasema: "Alijua kwamba anaolewa na askari. Mwanamke hawezi kutumikia mabwana wawili, mume na chuo. Na angoje mumewe astaafu." Alipigiwa makofi mengi. Mimi nilikuwa mwamuzi, na mwamuzi hana ruhusa ya kujibu. Leo sikalii kiti hicho, basi nitajibu.

Hoja ya kwanza ni kwamba alijua. Naam, alijua kwamba mumewe angehamishwa. Lakini ajuaye kwamba masika yaja hakukubali kwa sababu hiyo kulala nje mvuani. Tena tutazame ni nani aliyefunga ahadi na nani hakufunga. Mume aliinua mkono akaapa. Akapewa cheo, mshahara na bunduki. Mke hakuapa. Hana cheo, hana mshahara wa jeshi, wala hapandishwi daraja kwa kuwalea watoto peke yake mumewe awapo vitani. Hata hivyo amri ya jeshi humhamisha yeye pia, kila baada ya miaka miwili au mitatu, kama kwamba aliapa. Ikiwa amri yaweza kumfikia, kwa nini haki isimfikie?

Hoja ya pili ni kwamba angoje. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kumwambia mwingine angoje. Natufanye hesabu. Askari wa Marekani kwa kawaida hustahili pensheni akitimiza utumishi wa miaka 20. Mke aliyeolewa ana miaka 23 atakuwa na miaka 43 siku hiyo. Je, masomo yake nusu aliyoyaacha yatakuwa yakimngoja rafuni? La hasha. Vyuo vingi vya uuguzi huweka kikomo cha umri wa masomo ya sayansi, mara nyingi miaka mitano mpaka kumi. Baada ya hapo mwanafunzi hurudia elimu ya mwili na ya vijidudu tangu mwanzo. Basi neno "angoje", likipimwa vizuri, maana yake ni "aache". Asemaye hivyo na aseme wazi, asijifiche nyuma ya subira.

Na wala si mmoja. Katika uchunguzi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa mwaka 2021, katika kila wenzi 100 wa askari waliokuwa tayari kufanya kazi, 21 hivi hawakuwa nayo. Hao si wavivu. Wengi wao wana elimu na vyeti. Wamekosa kazi kwa kuwa kila wanapoanza kujulikana mahali, gari la mizigo huja mlangoni.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na sitaki kuipita kwa mbio. Husemwa kwamba uuguzi si kazi ya mtu wa kuhamahama, kwa sababu mkononi mwake umo uhai wa watu, na kila nchi ina haki ya kumjua amguseye mgonjwa wake. Maneno haya yana ukweli, nami nayakubali nusu. Hebu tuone nusu ninayoikataa.

Hapa Kenya muuguzi huandikishwa na baraza moja la taifa. Akihama na mumewe kutoka Lamu mpaka Kakamega, hafanyi mtihani mwingine. Leseni yake ni ile ile. Marekani si hivyo. Huko kila jimbo lina baraza lake na leseni yake, ingawa mtihani wa kuingia katika kazi ni mmoja kwa nchi nzima. Kwa miaka mingi muuguzi aliyevuka mpaka wa jimbo alisimama mlangoni akingoja karatasi. Mwaka 2000 ulianza mkataba wa majimbo wa kutambuliana leseni. Ukafanywa upya mwaka 2018, na sasa una majimbo na maeneo zaidi ya 40, ingawa California na New York hayakuwa yamejiunga mpaka mwaka 2024. Tena Januari 2023 sheria ya nchi iliamuru kwamba leseni ya kazi ya mwenzi wa askari itambuliwe, kwa masharti, katika jimbo ambako amri imempeleka. Haya ni mambo mema, nayo yanathibitisha neno langu: kizuizi hakikuwa katika mwili wa mgonjwa wala katika akili ya muuguzi. Kilikuwa katika karatasi, na karatasi huandikwa upya watu wakitaka.

Lakini wema huo huishia pwani. Mke wa askari akivuka bahari, humkuta mwenyeji mwenye sheria zake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Ujerumani humtaka muuguzi wa kigeni athibitishiwe elimu yake, na kwa kawaida ajue Kijerumani cha kumtosha kusema na mgonjwa na kuelewa maagizo ya daktari. Japani, ambako askari wengi wa Marekani hukaa katika kisiwa cha Okinawa, humtaka afanye mtihani wa taifa kwa Kijapani. Siwalaumu wenyeji hao. Mgonjwa wa Berlin ana haki ya kuhudumiwa na mtu amwelewaye. Hata mimi nisingependa kuchomwa sindano na mtu ambaye mimi nalia "basi" naye anasikia "ongeza".

Lakini ndani ya kambi mna hospitali za jeshi lenyewe. Ile ya Landstuhl, Ujerumani, iliyofunguliwa mwaka 1953, ndiyo kubwa kuliko hospitali zote za Marekani zilizo nje ya nchi yao. Humo lugha ni ya mke huyo, wagonjwa ni watu wa kwao, na leseni ya jimbo lolote la Marekani hukubaliwa. Basi aliyevuka bahari na leseni mkononi aweza kupata kazi humo, nafasi ikiwapo. Aliyevuka kabla ya kumaliza masomo ndiye aliyenaswa. Mafundisho ya darasani aweza kuyapata kwa intaneti usiku mtoto akilala. Lakini mafunzo ya wodini hayapiti katika waya. Lazima asimame kando ya kitanda, chini ya jicho la mkufunzi aliyekubaliwa na baraza la jimbo la chuo chake. Na vyuo vingi humtaka awe katika ardhi ya Marekani kwa saa hizo.

Hapa ndipo ninapowakabili wale wenye mamlaka. Sisemi mlegeze mtihani. Muuguzi asiyejua kazi ni hatari, awe mke wa askari au mke wa mfalme. Nasema hivi: mnayo hospitali, mnao wagonjwa, mnao wauguzi wenye shahada, na mnao wanafunzi wanaopita mbele ya lango kila siku wakiwa na hamu ya kujifunza. Kwa nini mabaraza, vyuo na jeshi visikae meza moja vikakubaliana kuzihesabu saa za wodini zilizofanywa humo?

Msiniambie kwamba haiwezekani kukipeleka chuo ng'ambo. Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Maryland kilipeleka walimu Ujerumani wawafundishe askari kambini, na mwaka 1956 kikafika Asia. Ikiwa mwalimu wa historia aliweza kuvuka bahari na vitabu vyake kumfuata askari, mkufunzi wa uuguzi ashindwe na nini kumfuata mke wa askari leo?

Wala msiniambie kwamba uuguzi wa mke wa askari ni fikira mpya. Julai 1775, Marekani ilipokuwa ikipigania uhuru wake, Bunge lao liliamua kwamba jeshi liwe na muuguzi mmoja kwa kila wagonjwa kumi, kwa ujira wa dola mbili kwa mwezi. Wengi wa wanawake walioshika kazi hiyo walikuwa wake na jamaa za askari waliofuatana na majeshi. Katika vita vya Crimea vilevile, wake wa askari wa Kiingereza waliokwenda na waume zao walifua nguo za majeruhi na kuwauguza. Jeshi lilimtaka mke huyo alipokuwa hana cheti. Leo ajapo kutafuta cheti, aambiwa kwamba anasumbua.

Serikali ya Marekani haikukosa ukarimu wote. Upo msaada wa masomo kwa wenzi wa askari wa vyeo vya chini, ambao umekuwa ukitoa mpaka dola 4,000. Nashukuru kwa niaba ya wanaoupata. Lakini msaada huo uliwekwa kwa ajili ya leseni, vyeti na shahada ndogo ya miaka miwili, wala si shahada kamili. Kumsaidia mtu apande nusu ya ngazi ni jambo jema, mradi usimlaumu kwamba hakufika juu. Pia Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani hupokea watu wa kujitolea katika hospitali za jeshi, na wake wengi hujitolea. Husifiwa sana kwa moyo wao. Sifa ni tamu, lakini hazihesabiwi chuoni.

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa maana asiyemwambia rafikiye ukweli si rafiki. Mke wa askari naye ana wajibu. Atakaye cha mvunguni sharti ainame. Kama hajavuka bahari, na aitafute leseni kwanza, kwa njia fupi ya shahada ndogo ikiwa ndiyo iliyo karibu; kisha shahada kamili aweza kuimaliza kwa intaneti popote aliko, kwa sababu masomo ya kumpandisha mwenye leseni yapo ya namna hiyo. Kabla ya kulipa ada, akiulize chuo kwa maandishi: "Nikihamishwa, mtanifanyia nini?" Ahifadhi kila hati ya matokeo yake. Na mumewe asikae pembeni akitazama. Askari awezaye kuamka alfajiri kwa sauti ya tarumbeta hashindwi kuamka usiku kumbembeleza mtoto wake, ili mama yake afanye mtihani.

Nanyi wasomaji wangu, msidhani kwamba habari hii ni ya Wamarekani tu. Miongoni mwenu wamo watakaokuwa askari, polisi, walimu na maofisa wa serikali, nanyi mtahamishwa. Mtaoa na kuolewa na watu wenye kazi na ndoto zao. Siku moja barua ya uhamisho italetwa nyumbani mwako, nawe utaisoma kwa furaha kwa sababu ina jina lako na cheo kipya. Kabla ya kufunga sanduku, mtazame aliyeketi mbele yako umuulize barua hiyo inamnyang'anya nini. Kisha mtafute pamoja jinsi ya kukirudisha.

Yule kijana wa kidato cha tatu alisema kwamba mwanamke hawezi kutumikia mabwana wawili. Amekosea kuwahesabu. Mume si bwana wa mkewe kama jeshi lilivyo bwana wa askari, na chuo si bwana wa yeyote. Msichana wangu hakuomba kuachwa huru na ndoa yake. Aliomba mihula miwili.

Barua yake ningali nayo. Muhula ujao nitaomba mdahalo ule urudiwe, na safari hii nitaomba niwe msemaji.