Tusiwafiche Wanafunzi Mitambo Iliyoshindwa

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kwamba mkondo wa umeme ni wa aina mbili, mkondo mnyoofu na mkondo geu. Kwamba transfoma hupandisha na kushusha volti. Na kwamba wati ni zao la volti na ampia. Huyakariri hayo, huyaandika katika mtihani, naye hufaulu. Lakini akiulizwa ni kwa nini wahandisi waliichagua njia hii wakaiacha ile, aghalabu hukosa la kusema. Lawama si yake. Sisi walimu tumemzoesha kuiona sayansi kama ghala la majibu yaliyokwisha kupatikana, wala hatumwonyeshi mabishano yaliyoyazaa majibu hayo. Maoni yangu ni kwamba hapana budi tufundishe pia habari za mitambo iliyoshindwa, na mfano mmoja wa injini za treni za Ufaransa utatosha kuonyesha sababu.

Tangu mwaka 1920 Ufaransa ilikuwa imekata shauri kwamba treni zake za umeme zitumie mkondo mnyoofu wa volti 1,500. Uamuzi huo ulikuwa na hekima yake. Mota ya mkondo mnyoofu huung'oa mzigo mzito kutoka pale uliposimama, na mwendo wake hutawalika kwa urahisi. Kasoro ilikuwa katika waya. Injini yenye nguvu ya kilowati 2,500 ikilishwa kwa volti 1,500 hudai ampia zipatazo 1,670. Ikilishwa kwa volti 25,000 hudai ampia 100 tu. Na kwa kuwa umeme unaopotea kama joto huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, waya uleule ungepoteza takriban mara 278 zaidi katika hali ile ya kwanza. Kwa sababu hiyo reli ya volti 1,500 ilihitaji nyaya nene za shaba, pamoja na vituo vya umeme vilivyokaribiana sana njiani.

Dawa ilijulikana: kuchukua mkondo geu wa mizunguko 50 kwa sekunde, uleule unaotumika viwandani na majumbani, kuupeleka kwa volti nyingi, kisha kuushusha kwa transfoma iliyomo ndani ya injini yenyewe. Mhandisi Kálmán Kandó alikwisha kuijaribu njia ya namna hiyo huko Hungaria katika miaka ya 1920, na Wajerumani nao waliijaribu katika reli moja ya milimani. Baada ya Vita Kuu ya Pili shirika la reli la Ufaransa, SNCF, chini ya uongozi wa Louis Armand, halikukurupuka. Lilianza mwaka 1950 kwa kuijaribu njia hiyo katika reli ya Savoie, kati ya Aix-les-Bains na La Roche-sur-Foron. Baada ya majaribio hayo ndipo likaingia katika reli ya kazi nzito kati ya Valenciennes na Thionville, iliyokuwa ikibeba makaa ya mawe na mawe yenye madini ya chuma. Injini za umeme zilianza kazi huko mwaka 1954.

Hapo ndipo lilipozuka swali kubwa. Transfoma hushusha volti, lakini haiugeuzi mkondo geu kuwa mnyoofu. Mota ilishwe nini, basi? Wafaransa hawakulijibu swali hilo mezani. Waliunda injini za aina nne, kila moja ikiwa na jibu lake, wakazipeleka zote kazini.

Aina ya BB 13000 iliupeleka mkondo geu moja kwa moja katika mota. Mpango huo ulikuwa rahisi kuliko yote, lakini mota za namna hiyo hutoa cheche nyingi kwenye brashi zake za kaboni, hasa treni inapoanza kuondoka. Aina ya CC 14100 ilibeba mota kubwa iliyozungusha jenereta za mkondo mnyoofu. Ilikuwa mashine imara, lakini nzito, na mwendo wake haukuzidi kilometa 60 kwa saa. Aina ya CC 14000 ilitumia mashine zinazozunguka ili kupata mkondo wa njia tatu, ambao uliendesha mota sahili zisizo na brashi hata kidogo. Wazo lilikuwa zuri mno, ila mashine za kulitimiza zilikuwa na matata mengi.

Aina ya nne ilikuwa BB 12000, yenye chumba cha dereva katikati na pua mbili ndefu, ambayo Wafaransa waliibandika jina la pasi. Hii ilitumia ignitroni, yaani mitungi yenye zebaki ambayo huruhusu mkondo upite upande mmoja tu. Kwa hiyo ilipokea mkondo geu kutoka kwenye waya, lakini mota zake zilikula mkondo mnyoofu. Gurudumu lilipoanza kuteleza, mpangilio wa mota zake ulisaidia kulirudisha katika mshiko wake wa reli. Ikiwa na ekseli nne tu na nguvu ya kilowati 2,470, iliweza kuvuta mizigo mizito na kukimbia kilometa 120 kwa saa.

Kazi ndiyo iliyotoa hukumu. Za CC 14000 zilitengenezwa 20 tu, nazo ziliondolewa mapema kuliko wenzake. Za BB 12000 zilitengenezwa 148, na nchi ya Luxemburg ikachukua 20 za muundo huohuo. Baadaye ignitroni zilishindwa na diodi za silikoni, na baadhi ya injini hizo zikabadilishwa zitumie chombo hicho kipya. BB 12000 ziliendelea kufanya kazi hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati migodi ya chuma iliyozipa mizigo nayo ilipokuwa ikifungwa.

Mwalimu akiishia hapo atakuwa amefundisha nusu ya somo. Mota ya mkondo wa njia tatu, ile ya CC 14000 iliyoshindwa, leo ndiyo inayotumika katika injini nyingi mpya za umeme duniani. Mwaka 1979 Ujerumani Magharibi ilitoa injini za aina ya 120, ambazo mkondo wake wa njia tatu ulitengenezwa kwa vifaa vya elektroni badala ya mashine zinazozunguka. Wazo lilikuwa lilelile; kilichobadilika ni vifaa. Kwa maneno mengine, CC 14000 haikushindwa kwa kuwa fizikia yake ilikuwa na makosa, bali kwa kuwa ilitangulia silikoni.

Najua atatokea wa kusema kwamba nchi maskini haziwezi kuunda injini nne ili zipate moja. Ni kweli. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuyasoma majaribio ya wenzetu kwa makini, maana gharama yake wamekwisha kuilipa wao. Jambo hili halituhusu kwa mbali. Reli ya umeme ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na kisha Dodoma, hutumia volti 25,000 na mizunguko 50 kwa sekunde, kipimo kilekile kilichothibitishwa kati ya Valenciennes na Thionville. Kesho vijana wetu ndio watakaoamua kinunuliwe nini, kitengenezwe vipi na kitupwe lini. Asiyejua ila jina la mshindi wa jana atauziwa chochote.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo lisilohitaji fedha wala maabara. Mwalimu aandike ubaoni mipango hiyo minne bila kutaja matokeo. Wanafunzi wapige hesabu ya ampia, wapime uzito na mwendo, wabishane, kila kundi litetee injini yake. Ndipo aseme ipi ilishinda, kwa sababu gani, na ni ipi iliyorudi baadaye kwa sura nyingine. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nasi tukumbuke kwamba asiyejua sababu ya kushindwa hajaujua ushindi pia.