Wanayoyasema Kuhusu Solomon Kane

Wapenzi wa hadithi za majarida ya zamani ya Marekani ni watu wa kubishana, na wachache huwabishanisha kama Solomon Kane: yule Mpuritani mrefu, mkavu, mwenye nguo nyeusi na kofia isiyo na unyoya, anayezunguka dunia na upanga wake mwembamba na bastola mbili kiunoni akiwasaka waovu. Aliyemtunga ni Robert E. Howard, aliyeishi Cross Plains, mji mdogo wa Texas. Jarida la Weird Tales lilimchapa kati ya 1928 na 1932, na hadithi zake zilizotoka humo ni saba tu. Nyingine, pamoja na vipande visivyokamilika, zilitolewa baada ya Howard kufariki mwaka 1936, akiwa na miaka 30. Hadithi saba, lakini maneno juu yake hayaishi, na mengine yamerudiwa mpaka watu wanayameza bila kutafuna.

"Kane ni Conan aliyevishwa joho jeusi."

Kalenda inatosha kulijibu hili. "Red Shadows", hadithi ya kwanza ya Kane, ilitoka Agosti 1928. Conan alionekana Desemba 1932, na wakati huo hata ile ya saba ya Kane ilikuwa imeshatoka, Julai ya mwaka huohuo. Aliyetangulia hawezi kumwiga aliyemfuata. Na hata tabia zao haziendi pamoja. Conan anapigania dhahabu, kiti cha enzi na shibe. Kane anamkuta msichana asiyemjua akikata roho kando ya njia huko Ufaransa, na kwa ajili ya huyo tu anamfukuza kiongozi wa majambazi, Le Loup, kwa miaka mingi mpaka Afrika. Hakuna aliyemtuma, na hakuna atakayemlipa.

"Hizi ni hadithi za dini, na Kane ndiye Mpuritani halisi."

Hapa pana neno. Wapuritani wa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza walikuwa watu wa jumuiya. Walisikiliza mahubiri marefu, walisoma Biblia majumbani mwao, waligombana na maaskofu juu ya mavazi ya makasisi na ishara ya msalaba wakati wa ubatizo. Kane hana usharika wala mchungaji, na hana mke. Howard mwenyewe anatuambia katika "The Moon of Skulls" kwamba ndani ya mtu huyu mna pia muungwana wa kijeshi, mwanafalsafa wa kale, na upagani usio haba.

Kinachomaliza ubishi ni fimbo. Katika "The Hills of the Dead" Kane anapokea fimbo ya uganga kutoka kwa N'Longa, mganga wa Kiafrika aliyechanjiana naye udugu. Ananung'unika kwamba huu ni uchawi, ananung'unika tena, halafu anaichukua. Sasa mchukueni William Perkins, mhubiri mashuhuri wa Kipuritani wa Cambridge. Katika kitabu chake juu ya uchawi, kilichotoka mwaka 1608 baada ya kifo chake, alishikilia kwamba mchawi anayeponya na kusaidia ni hatari kuliko yule anayedhuru, na anastahili kuuawa. Kane angetua Cambridge na fimbo ile mkononi, sidhani angepewa hata muda wa kujieleza.

Kama ni mahubiri, basi ni mahubiri yenye shaka nyingi. Katika "Skulls in the Stars" kuna mzuka unaoua wapita njia kwenye nyika ya Uingereza. Kane anagundua kwamba marehemu alikuwa mwendawazimu aliyeuawa na jamaa yake mwenyewe, Ezra. Hukumu inapitishwa palepale: Ezra anafungwa kwenye mti, katika njia ya mzuka, na kuachwa huko. Mwandishi wa kawaida angemruhusu shujaa wake aondoke kifua mbele. Howard anamwacha na moyo mzito, akijiuliza alichokifanya. Na katika "Wings in the Night" mambo ni mabaya zaidi. Kane anakuwa mlinzi wa kijiji cha Bogonda dhidi ya viumbe wenye mabawa, na watu wa kijiji wanamtegemea kama ngome yao. Kijiji chote kinachinjwa mbele ya macho yake, naye anarukwa na akili. Kisasi anakilipiza kweli, kwa hila na kwa moto, lakini hakuna aliyebaki wa kumshukuru. Anayesema Kane hushinda daima hajafika kwenye hadithi hiyo.

"Ni fasihi pendwa tu, haina uzito."

Neno hili tunalijua, maana limetupiwa pia vitabu vya Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Ni kweli Howard alilipwa kwa idadi ya maneno, tena kwa kuchelewa: mwaka 1935 alikuwa akilidai Weird Tales zaidi ya dola 800. Lakini umaskini wa karatasi hauamui uzito wa maandishi. Mimi nitamweka Kane kando ya Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, bila aibu, ingawa wawili hao wasingeelewana hata dakika moja. Bwana Msa, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, akisikia mzimu humtafuta binadamu aliyejificha nyuma yake. Kane akimtafuta binadamu humkuta mzimu.

"Angalau Kane alipigana na biashara ya utumwa. Howard alisema ukweli ambao wengine waliuficha."

Wanaosema hivi wanaitegemea "The Footfalls Within" ya Septemba 1931, na hadithi yenyewe ni nzuri, sikatai. Inaanza na maiti ya msichana mweusi njiani, mgongo umechanwa kwa viboko. Kane anaufuata msafara wa Waarabu waliomuua, anashambulia, anakamatwa, na usiku wanafika kwenye kaburi la kale ambalo mzee mmoja, Haji Yussef, anawasihi wasilivunje. Hawasikii. Kilichofungiwa humo kinatoka. Msomaji wa pwani yetu ataipata hadithi hii upesi kuliko msomaji wa Texas, kwa sababu visa vya Nabii Suleiman na majini aliowatia kifungoni ni vya utotoni kwetu.

Lakini ukweli upi? Kane ni mtu wa mwisho wa karne ya 16. Misafara mikubwa ya namna ile, ya kina Tippu Tip, iliyowateremsha watu Bagamoyo, ni ya karne ya 19, na hakuna haja ya kuipunguzia ubaya wake. Howard ameibeba na kuirudisha nyuma miaka 300. Na alipoirudisha, amefunika kilichokuwapo. Kane anatoka Devon. Huko Devon, katika mji wa Plymouth, ndiko alikotoka John Hawkins, Mwingereza aliyeanza mwaka 1562 kuwakamata na kuwanunua watu wa Afrika Magharibi na kuwauza ng'ambo ya Atlantiki. Safari yake ya pili, ya mwaka 1564, Malkia alimwazima meli, na jina la meli ile lilikuwa Jesus of Lübeck. Katika safari ya tatu alikuwamo kijana aliyeitwa Francis Drake. Ndiye Drake yuleyule ambaye, katika shairi la Howard "The One Black Stain", Kane anasafiri naye na kumpinga kwa kumuua Thomas Doughty mwaka 1578. Yaani Kane ana ujasiri wa kumkabili Drake kwa sababu ya Mwingereza mmoja aliyekatwa kichwa, na katika shairi lile Waafrika waliojazwa kwenye meli za Hawkins hawatajwi. Katika hadithi ya msafara, dhambi yote imewekwa juu ya kilemba cha Mwarabu.

"Ubaguzi ni mistari michache. Ifute, hadithi zibaki safi. Isitoshe, Howard alikuwa mtu wa zama zake."

Haya ni madai mawili yanayotembea pamoja, na ndiyo yanayonikera kuliko mengine.

Mistari ipo, wala si ya kutafuta kwa tochi. "Wings in the Night", baada ya kijiji kizima cha Waafrika kuangamia, inafungwa kwa sifa za mpiganaji mweupe, kana kwamba Bogonda iliteketea ili yeye apate kupigwa picha. Mistari hiyo ukiifuta, kasoro kubwa inabaki palepale, kwa sababu imejengwa ndani ya visa vyenyewe. Angalia vitu vya ajabu vya Afrika ya Howard vinatoka wapi. Mji wa Negari katika "The Moon of Skulls", wenye kuta na ngazi na mahandaki, ulijengwa na watu wa Atlantis. Watu weusi wanaoukalia ni warithi wasiojua walichorithi. Katika kipande "The Children of Asshur" kuna mji mwingine barani, na huo ni wa Waashuri. Viumbe wenye mabawa waliomaliza Bogonda? Kane anagundua kwamba ni wale wa ngano za Wayunani, waliofukuzwa Ulaya na kina Jason. Hata fimbo ya N'Longa haikusalimika: Haji Yussef anapoiona anaitambua kuwa ndiyo fimbo ya Musa na ya Suleiman bin Daudi. Bara zima limefanywa ghala la vitu vya watu wengine. Tusi hufutika kwa kalamu. Hili halifutiki, mpaka uandike hadithi upya.

Sasa hizo zama zake. Wazungu waliokuwa wakidai kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na Wafoinike au na Malkia wa Sheba walishajibiwa na David Randall-MacIver mwaka 1905: wajenzi ni Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alichimba tena na kufikia jibu lilelile. "The Moon of Skulls" ilichapwa Juni na Julai 1930. Sidai kwamba kijana wa Cross Plains alikuwa akisoma ripoti za wachimbaji. Ninachokataa ni ule usemi kwamba zama zile zilikuwa na sauti moja. Na kwa upande wetu wa bara, wakati Kane anadhaniwa kuhangaika msituni, Husuni Kubwa ya Kilwa, na birika lake la pembe nane, ilikuwa imesimama kwa zaidi ya miaka 200.

"Basi tupeni hadithi zote. N'Longa ni kikaragosi."

Wanaosema hivi wamekasirika kwa haki, lakini wamemsoma N'Longa vibaya. Ni kweli Howard amemwekea Kiingereza cha kuvunjikavunjika, na amemchora kama mzee wa mifupa na damu. Tazama anachofanya lakini. Katika "Red Shadows" amefungwa kamba akisubiri kuuawa, na ni yeye, si Kane, anayegeuza kibao: roho yake inaingia kwenye maiti, maiti inasimama, na mfalme Songa anauawa mbele ya watu wake. Katika "The Hills of the Dead" Kane amekwama mbele ya kilima kilichojaa wafu wanaotembea. Upanga haufai na bastola hazifai. Anamwita N'Longa usingizini, na N'Longa anakuja akiwa ndani ya mwili wa kijana aliyeazimwa, anawaita tai, kazi inaisha. Kane ndiye mwenye jina kwenye kichwa cha habari. Anayejua dunia inavyokwenda ni huyu mzee. Nadhani Howard alimwandika akawa mkubwa kuliko alivyokusudia, na ndiyo maana fimbo ilibidi itafutiwe mwenyewe mwingine.

"Nimeona filamu, inatosha."

Haitoshi. Ile ya Michael J. Bassett ya mwaka 2009, aliyoigiza James Purefoy, inampa Kane roho inayowindwa na Ibilisi na aila ya kugombana nayo. Howard hakuandika hayo, na hakueleza kwa nini Kane yuko alivyo. N'Longa hayumo kabisa.

Kwa anayetaka kuanza, aanze na "Skulls in the Stars", halafu "The Footfalls Within". "The Moon of Skulls" aiache mpaka awe amesoma kidogo habari za Zimbabwe Kuu.

Na kwa waandishi wetu nina ombi. Mwishoni mwa mwaka 1591 meli ya Kiingereza, Edward Bonaventure ya nahodha James Lancaster, iliyotoka Plymouth, ilitia nanga Unguja na kukaa mpaka Februari. Wareno walikuwa wamewaonya wenyeji wasiisogelee, kwamba Waingereza ni watu katili na wala watu. Miaka michache tu kabla ya hapo Mombasa ilikuwa imepitiwa na Waturuki wa Mir Ali Bey na wapiganaji wa Zimba. Humo mna nafasi ya mtu wa Devon mwenye nguo nyeusi, na ya mganga wa kwetu ambaye hatanyang'anywa fimbo yake. Howard hakuwahi kufika huku. Ninyi mko hapa, andikeni.