Pointi 24 Kila Upande

Nianze na sifa, kwa sababu mchezo wenyewe ni mtamu. The Men Who Would Be Kings ni kitabu cha sheria za vita vya mezani vya enzi ya ukoloni. Mwandishi ni Daniel Mersey, na Osprey walikitoa mwaka wa 2016. Unapanga vikosi, unatupa dadu mbili kuona kama kikosi kitatii amri, kikigoma kinasimama tu pale huku mwenzako anakucheka. Sanamu za askari ni za watu wenye pesa, kwa hivyo sisi tulitumia maharagwe kwa Waingereza na mahindi kwa Wanandi. Vita vya githeri. Tulipiga kelele mpaka jirani akabisha.

Sasa ubishi. Kila upande unanunua jeshi la pointi 24, eti ndio vita viwe sawa. Maharagwe 12 wenye bunduki, mahindi 16 wenye mikuki, tuone nani mjanja. Lakini kule Omdurman, Sudan, mwaka wa 1898, upande wa Kitchener ulipoteza watu wasiofika 50 waliouawa vitani, na upande wa Khalifa zaidi ya 10,000. Hizo ni pointi gani? Ukishasawazisha meza, umeshasema kwamba aliyeshinda alishinda kwa akili na nidhamu, wala si kwa Maxim.

Kinachoniuma zaidi ni sheria za kucheza peke yako. Adui wako hapo anaitwa Bwana Babbage, jina la yule Mwingereza aliyebuni mashine ya kupiga hesabu. Wewe unaongoza jeshi la dola, unapanga, unawaza. Wenyeji wanaendeshwa na dadu na jedwali. Kuna mtu alikaa chini akajiuliza ni upande gani unaweza kuendeshwa bila kichwa, na jibu likamjia bila shida yoyote.

Wanandi hao hao walisumbua himaya kwa miaka kumi, 1895 hadi 1905. Walikata nyaya za telegrafu wakatengeneza mapambo, wakang'oa vyuma vya reli wakafua silaha. Nitafutie hiyo kwenye jedwali. Na walimalizwaje? Tarehe 19 Oktoba 1905 Richard Meinertzhagen alikutana na Koitalel arap Samoei kwa mazungumzo ya amani, akampiga risasi. Wenzake wengi wakauawa papo hapo. Uchunguzi wa jeshi ukamsafisha. Fimbo za uongozi za Koitalel zikaenda Uingereza na hazikurudi mpaka 2006. Baada ya mauaji hayo vijiji vilichomwa, na ng'ombe zaidi ya 10,000 wakaswagwa. Mwaka huo hakukuwa na mpambano mmoja mkubwa wa kuamua mambo, ule wa kupendeza mezani. Kulikuwa na moto, njaa na mkono uliosalimiwa kwa uongo.

Najua jibu: ni mchezo tu, bana, tulia. Mbona basi wachezaji wenyewe hubishana hadi usiku kuhusu rangi ya koti la kikosi fulani? Historia ni muhimu ikiwa ni vifungo vya koti, ikifika kwa ng'ombe wa mtu inakuwa mchezo tu?

Na wale wa upande wetu wanaotaka vitu hivi vitupwe, siko nao pia. Mtoto wa Eldoret anayesukuma punje za mahindi akiwaza kama Koitalel amejifunza kitu ambacho kitabu chetu cha shule kilimpitisha kwa aya moja. Mimi nataka sheria zibadilishwe, zisitupwe. Usawa usipimwe kwa idadi ya askari, upimwe kwa lengo: Mwingereza anahitaji reli ipite, Mnandi anahitaji mifugo ibaki hai hadi msimu ujao. Bwana Babbage apewe Waingereza, maana amri zao ndizo zilizotoka ofisini zikiwa zimeandikwa.

Tumeshaanza. Punje za dengu ni ng'ombe, na ukipoteza nusu yao umeshindwa hata kama hakuna hindi lililokufa. Kanuni ya mazungumzo ndiyo imetukwamisha. Upande wa maharagwe ukiruhusiwa kumpiga risasi kiongozi mkutanini, unashinda kila mara, na mwenzangu ameshakataa kucheza upande huo.