Uzi wa nuru umeshuka mezani, maelezo yake yangali mnarani

Mkenya wa leo akisikia neno faiba, huwaza intaneti. Si ajabu. Tangu nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa kupitia baharini mwaka 2009, nyuzi za kioo zimekuwa kwetu ni barabara ya maneno na picha, na majirani zetu wa Tanzania wakaupa mtandao wao jina la kupendeza la mkongo. Lakini uzi wa nuru una kazi ya pili isiyotajwa sana magazetini, nayo ni kazi ya kuhisi. Katika kazi hiyo kumetokea mabadiliko ambayo, kwa maoni yangu, yanatuhusu zaidi ya kasi ya intaneti tunayoshindana kuisifu kila uchao.

Uzi huu una sehemu mbili, kiini na ganda. Mwanga ukiingia katika kiini huligonga ganda kwa mshazari na kurudishwa ndani, ukaligonga tena na kurudishwa tena, hadi utokee upande wa pili. Sharti ni kwamba kiini kiupinde mwanga zaidi kuliko ganda linavyoupinda. Sasa uzi huo ukikunjwa, au ganda lake likikwaruzwa, sehemu ya mwanga huponyoka. Mhandisi wa simu huuita upotevu huo hasara, ilhali anayetaka kupima huuita habari. Weka taa ndogo upande mmoja, weka kipima mwanga upande wa pili, kisha upitishe uzi huo kwa mkunjo juu ya ufa wa ukuta. Ufa ukipanuka, mkunjo hubadilika, na mwanga unaofika hubadilika nao. Isitoshe, uzi wenyewe haubebi umeme, hivyo waweza kupita kando ya tangi la petroli bila kuzua cheche, na kando ya nyaya za umeme mkali bila kubabaishwa nazo.

Kwa miaka mingi kuufanya uzi wa aina hii kulihitaji mnara. Gogo nene la kioo au la plastiki angavu hushushwa polepole ndani ya tanuri lililo juu ya mnara, likalainika, na ncha yake ikavutwa chini hadi ikawa nyembamba mithili ya unywele. Kioo hutaka joto linalokaribia nyuzi 2000, na plastiki hutosheka na nyuzi zipatazo 200. Hata hivyo, mnara ni mnara, nao ni mali ya viwanda vikubwa na vyuo vyenye fedha.

Mwaka 2015 watafiti wa Australia, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sydney, walilifanya gogo hilo kwa printa ya mezani, pamoja na vitundu vya hewa vinavyokizunguka kiini, kisha wakalivuta likawa uzi unaopitisha mwanga. Miaka mitatu baadaye wenzao wa Southampton, Uingereza, walionyesha kuwa uzi wenye vitundu waweza kuvutwa moja kwa moja kutoka katika mdomo wa printa yenyewe. Printa hizo zilikuwa zimekwisha kuwa rahisi. Scott Crump wa Marekani aliomba hataza ya mbinu hiyo mwaka 1989, na ilipokwisha muda wake mwaka 2009 bei zikaporomoka. Hapa Nairobi, kampuni ya AB3D imewahi kuziunda kwa vipuri vilivyotolewa katika taka za kielektroniki.

Niruhusiwe hapa kuchepuka kidogo, maana lugha ndiyo kazi yangu. Tunasema mashine hii “huchapa”, kwa kuwa Waingereza wameiita printa. Lakini kuchapa ni kupiga, ni kuacha alama juu ya kitu kilichopo, na mashine hii haipigi chochote. Huyeyusha uzi wa plastiki na kuuzungusha tabaka juu ya tabaka, kama mfinyanzi anavyoujenga mtungi kwa pete za udongo. Laiti ingalipitia mikononi mwa wafinyanzi kabla ya kufika kwa watafsiri, huenda leo tungesema kwamba inafinyanga, na mtoto wa shule angeelewa kazi yake kabla ya kuiona.

Nisieleweke kwamba uzi wa mezani ni sawa na ule wa kiwandani. Uzi bora wa kioo hupoteza katika kilomita nzima kadiri ya mwanga ambao uzi wa kawaida wa plastiki huupoteza katika mita moja. Ule wa printa ni dhaifu zaidi, kwani baina ya tabaka hubaki mianya na viputo vinavyoutawanya mwanga, na hasara yake huhesabiwa kwa sentimita. Anayetaka kuitumia plastiki hiyo kupeleka habari kutoka Nairobi hadi Kisumu anajidanganya. Lakini ukuta si safari ya Kisumu. Kipimo cha ufa hutaka uzi wa sentimita chache tu, na kwa masafa hayo udhaifu huo huvumilika. Plastiki nayo hukubali kuvutika mara nyingi zaidi ya kioo kabla ya kukatika, sifa ambayo ni muhimu kwa kitu kinachogundishwa mahali panapotarajiwa kusogea.

Pana tatizo jingine, na wauzaji wa ndoto hawapendi kulitaja. Plastiki hunywa unyevu na kutanuka kwa joto. Kihisi kilichopimwa Nairobi katika baridi ya Julai hakitasema kweli ile ile Mombasa katika fukuto la Februari. Dawa yake ni kuweka uzi pacha kando ya ule wa kwanza, usioshikana na ufa, ili mabadiliko ya hewa yaonekane katika nyuzi zote mbili na yatolewe katika hesabu. Ni jambo la busara ya kawaida ambalo fundi yeyote hulifahamu akielezwa.

Ataelezwa na nani, na kwa lugha gani? Maandishi ya taaluma hii ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha wataalamu. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini fundi wa Gikomba anayejua ni ufa upi wa kuogopwa na upi wa lipu tu, hana hata ukurasa mmoja wa kumwongoza. Chombo kimeshuka hadi kimo cha meza yake, huku maelezo yakibaki juu mnarani.

Wapo watakaonijibu kwamba maneno hayazuii nyumba kuanguka. Kwa sehemu wana haki. Jengo la Huruma lililoporomoka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50 lilikuwa limekwisha kuorodheshwa miongoni mwa majengo ya kubomolewa. Onyo lilikuwapo, na mwenye mamlaka ya kulitekeleza hakulitekeleza. Kihisi hakiwezi kumtoa mpangaji chumbani. Hata hivyo, onyo lile lilikaa katika mafaili ya maofisa. Kipimo kilichotundikwa ngazini, chenye maandishi ya Kiswahili yanayosema mshale ukifika hapa ondokeni, kingekuwa mali ya wapangaji wenyewe, na afisa asingeweza kukifungia sandukuni.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyuo vyetu vya ufundi si kubwa. Penye printa, wanafunzi wafundishwe kutengeneza kihisi kimoja cha ufa, wakijaribu kwenye ukuta wa chuo, na mwongozo wake uandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo. Maneno mengi tayari tunayo. Kiini na ganda yanatosha. Kihisi kinafaa kuliko “sensa”, ambayo kwetu ni hesabu ya watu. Neno linalonisumbua bado ni lile gogo linalovutwa likawa uzi. Nimeliita gogo kwa kukosa jingine, na sitashangaa fundi wa kuyeyusha plastiki akiwa nalo lililo bora kuliko langu.