Kodi Isiyopitia Bungeni

Wapo wanaotuambia, sisi tuliopigania vyama vingi na sisi tunaoketi kanisani kila Jumapili, kwamba mambo ya Benki Kuu hayatuhusu. Kura ni yenu, wanasema, pigeni. Injili ni yenu, hubirini. Lakini noti, riba na thamani ya shilingi waachieni wataalamu. Maneno haya tunayakataa. Katika nchi hii kura na noti zimekwisha kukutana, tena kwa njia ya aibu, na aliyelipia makutano hayo hakuwa mtaalamu. Alikuwa mwananchi mwenye mshahara mdogo na akiba ndogo zaidi.

Tukumbushane. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba ya wakati ule kilifutwa, na chama kimoja kikapoteza ukiritimba wake wa kisheria. Mwezi uliotangulia, wafadhili waliokutana Paris walikuwa wamesimamisha misaada mipya. Basi watawala wakajikuta wanaukabili uchaguzi wa Desemba 1992 bila fedha za wageni na bila hakika ya ushindi. Wangeweza kupunguza matumizi. Wangeweza kuomba kodi kwa wananchi na kueleza sababu yake. Hawakufanya hili wala lile. Waliupitia mlango wa nyuma wa Benki Kuu.

Ni vyema tueleze jinsi mlango huo unavyofunguka, kwa maana wanaofaidika nao hutegemea sana kutofahamu kwetu. Mkulima hana namna ya kutumia gunia la mahindi ambalo hakuvuna. Benki Kuu, kwa upande wake, inaweza kuandika katika akaunti ya benki fulani kwamba ina shilingi bilioni moja, na tangu saa ile bilioni hiyo ikawa fedha halali, ingawa haikutozwa kwa mtu wala kukopwa kwa mtu. Uwezo huo si dhambi kwa wenyewe. Kila nchi imeipa benki yake kuu uwezo wa namna hiyo ili uchumi usikaukiwe. Huwa wizi pale unapotumiwa kuwajaza wachache mifuko kwa siri, huku mahindi, sukari na mabati nchini vikibaki vilevile. Fedha mpya hukimbilia bidhaa zilezile. Anayezipokea kwanza hununua kwa bei ya jana. Sisi tulio mwisho wa mlolongo hununua kwa bei ya kesho.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kampuni ya Goldenberg International iliahidiwa fidia ya asilimia 35 ya thamani ya dhahabu na almasi ilizodai kuuza ng'ambo, ilhali sheria iliruhusu asilimia 20. Almasi hazichimbwi Kenya. Ulikuwapo pia mpango wa kuwakopesha wafanyabiashara kabla hawajasafirisha bidhaa zao, mpango uliokusudiwa kumsaidia muuzaji wa chai au maua. Nao ukageuzwa kuwa kisima cha kuchotea fedha kwa bidhaa zisizokuwapo. Baadhi ya benki ziliachwa zitoe Benki Kuu mamilioni ambayo hayakuwa katika akaunti zao. Mwaka 1993 shilingi bilioni 5.8 zilitoka Hazina zikaishia kwa kampuni hiyohiyo bila idhini ya Bunge. Na mitaani, katika kampeni za 1992, noti mpya za shilingi 500 zilimwagwa kwa wingi hata wananchi wakazibandika jina la Jirongo, kiongozi wa kundi la vijana wa KANU lililoitwa YK'92. Tulicheka wakati ule. Kicheko hicho kilitugharimu.

Katika mwaka 1993 bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 46. Tuseme kamati ya kanisa ilichanga fedha za mabati 100, ikaziweka mwaka mzima pasipo riba ikingoja kuta zikamilike. Ikiwa bei ya mabati ilipanda sawasawa na nyingine, kamati hiyo ilikwenda dukani ikatoka na mabati 68. Mabati 32 yametoweka. Mweka hazina hakuiba, mwenye duka hakuiba, na hesabu za kamati ziko sawa mpaka senti ya mwisho. Hayo ni mabati ya waumini walioyalipia uchaguzi ambao hawakuulizwa kama wanapenda kuugharimia. Nabii Amosi aliwashutumu wafanyabiashara wa siku zake kwa kupunguza kipimo cha nafaka na kuongeza uzito wa mizani. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuupunguza mkono wa taifa zima kwa usiku mmoja.

Wala dhuluma haikuishia hapo. Ili kuzirudisha fedha zilizozagaa, Benki Kuu chini ya Gavana mpya, Micah Cheserem, aliyeanza kazi Julai 1993, ilibana uchumi kwa nguvu. Riba ya dhamana za Hazina ilipita asilimia 70 mwaka huo. Fikirini jambo hili kwa utulivu. Mama muuza mboga hanunui dhamana za Hazina. Aliyekuwa na uwezo wa kuzinunua ni yule aliyekuwa na mamilioni taslimu mkononi, na mwaka huo hatuna haja ya kuuliza sana mamilioni taslimu yalikuwa yametoka wapi. Aliyepewa fedha za bure kwa mlango wa nyuma aliweza kuzirudisha kwa mlango wa mbele kama mkopo kwa serikali, akalipwa riba ya kutisha, nayo riba hiyo ikatoka katika kodi yetu. Tuliibiwa kwa bei, tukaibiwa tena kwa riba. Mfanyabiashara mdogo mwenye mkopo alifunga duka. Mkulima alinunua mbolea kwa shilingi iliyokuwa imeporomoka mbele ya dola. Dawa ilikuwa ya lazima, hatukatai. Tunachosema ni kwamba aliyeinywa siye aliyeleta ugonjwa.

Kuna wenzetu wa upande wetu, watu tunaowaheshimu, wanaosema kwamba uhuru wa Benki Kuu ni wimbo wa Shirika la Fedha Duniani, na kwamba mzalendo hauimbi. Ni kweli kwamba shirika hilo lilidai mageuzi haya, tena kwa ukali, na mara nyingi likidai pamoja nayo mambo yaliyomwumiza maskini hospitalini na shuleni. Lakini kufuli haliwi baya kwa sababu tu jirani tusiyempenda ndiye aliyetushauri tulinunue. Tuulizane: kabla ya kufuli hilo, ni nani aliyeingia ghalani? Hakuwa mkulima wa Nyandarua wala mvuvi wa Lamu.

Tena ufisadi huu haukuanzia 1992. Katikati ya miaka ya 1980 leseni za benki na kampuni za mikopo zilitolewa kwa kujuana, mashirika ya umma yakaamriwa kuweka amana zao humo, na wenyewe wakajikopesha. Mwaka 1986 benki za Continental na Union zilianguka. Katika miaka ya 1993 na 1994 zikafuata Trade Bank, Exchange Bank na Pan African Bank. Wala Katiba mpya haikuukata mzizi wote, kwa kuwa Imperial Bank ilifungwa Oktoba 2015 na Chase Bank Aprili 2016, wakati ambapo mwenye amana alikingwa kwa shilingi 100,000 tu. Kinga hiyo ilipandishwa hadi 500,000 mwaka 2020. Ilichukua miaka mingi mno.

Na yule aliyelia mwivi? David Munyakei alikuwa mfanyakazi wa kawaida wa Benki Kuu. Aliona malipo yasiyoeleweka, akawafikishia nyaraka wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 siri ikafichuka Bungeni. Alikamatwa akashtakiwa chini ya sheria ya siri za serikali. Mashtaka yaliondolewa, lakini kazi hakurudishiwa, naye akafariki 2006 katika umaskini, mwaka uleule Tume ya Jaji Bosire ilipokabidhi ripoti yake. Majina ya waliotajwa humo hatuyarudii hapa. Mahakama zimekwisha kuwasikiliza kwa namna zake. Jina la Munyakei tunalirudia kwa makusudi, na tunauliza kwa nini hakuna hata ukumbi mmoja wa kanisa wenye jina hilo.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 231, inasema kwamba Benki Kuu haitakuwa chini ya maelekezo wala mamlaka ya mtu yeyote inapotekeleza kazi zake. Hata picha ya mtu binafsi imekatazwa katika noti. Sheria ya Benki Kuu nayo inaweka mpaka: serikali haiwezi kuchota humo zaidi ya asilimia 5 ya mapato ya mwaka uliokaguliwa mwisho. Haya ni matunda ya damu na machozi ya wanamageuzi, ingawa hayaimbwi kama tunavyoimba kufutwa kwa kifungu cha 2A.

Juni 2024 vijana wetu waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri katika lugha za mama zao, wakaandamana, na baadhi yao wakauawa mbele ya Bunge siku ya tarehe 25. Rais alikataa kuutia sahihi. Waliweza kuupinga kwa sababu ulikuwapo wa kupingwa: una ukurasa, una tarehe, una wabunge waliounyoshea mkono. Kodi ya noti haina mswada. Haina kusomwa mara ya kwanza wala ya pili. Mbunge hukana kuipigia kura, na kweli hakuipigia.

Kwa hiyo tunawataka viongozi wa makanisa na makundi ya mageuzi kote nchini wachukue hatua moja isiyohitaji fedha. Benki Kuu hutoa taarifa kila wiki, na ndani yake hutajwa kiasi ambacho serikali imechota humo. Kila tume ya haki na amani iteue mtu mmoja wa kuisoma taarifa hiyo, akiandike kiasi hicho katika daftari na kukibandika mlangoni pamoja na matangazo ya ndoa. Kikipanda kwa kasi katika mwaka wa uchaguzi, mbunge aitwe aje aulizwe mbele ya watu: ni nani aliyeomba, ni nani aliyeidhinisha, na fedha hizo zimenunua nini.